Kubadilisha Choo cha Motahomu kwa Mikono Yako

Kila baridi inapoisha huku Marekani na watu wakaanza kutoa motahomu zao, yale magari ya safari yenye nyumba ndani, zilikolazwa, maswali huwa yale yale. Choo kinavuja, ninunue kingine? Lazima nimwite fundi? Hivi vyoo vya nyumbani vinavyouzwa kwa bei nafuu, haviwezi kuingia? Nitajibu kwa mkato kwanza: huenda huhitaji choo kipya kabisa, ukikihitaji, mtu yeyote anayeweza kufunga na kufungua nati ataifanya kazi hii kwa asubuhi moja, na choo cha nyumbani kiache hukohuko dukani.

Hatua nilizoandika hapa ni za choo kinachokaa moja kwa moja juu ya tangi lake. Ukikanyaga pedali, kilango kilicho chini ya bakuli kinafunguka na kila kitu kinaanguka tangini kwa uzito wake. Ndicho kilichomo katika motahomu nyingi za Marekani na Kanada, na majina utakayokutana nayo zaidi ni Thetford na Dometic. Walioko Ulaya, gari lako likiwa na kijilango ubavuni ambako unavuta kaseti, yaani kijitangi cha uchafu, na kwenda kuimwaga, hicho ni choo cha aina nyingine. Kwenu, mara nyingi kinachochakaa ni kaseti na kiti, na Thetford huuza vyote viwili pamoja kama seti, kwa hiyo hakuna haja ya kung'oa choo chenyewe.

KWANZA, HAKIKISHA CHOO NDICHO KIBOVU

Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotea. Choo cha motahomu kina sehemu tatu zinazochoka kabla ya choo chenyewe, na zote zinauzwa peke yake.

Maji hayakai ndani ya bakuli, yanashuka polepole mpaka linabaki kavu? Huo ni mpira wa kilango. Umeingia uchafu, umekauka, au umechanika. Anza kwa kuusafisha. Ukishindwa, nunua mpira mpya.

Maji yanatiririka nyuma ya choo, hasa gari likiwa limetoka kwenye baridi kali? Tazama valvu ya maji. Ni ya plastiki, na maji yaliyobaki ndani yake yakiganda yanaipasua. Valvu inabadilishwa, choo kinabaki.

Maji yanatoka chini ya kitako cha choo, kati yake na sakafu, kila unapoflashi? Huo ni mpira wa flenji, ile pete ya sakafuni ambayo choo hukalia. Utalazimika kukiondoa choo, lakini unaweza kukirudisha kilekile.

Choo kipya kinahitajika bakuli likipasuka, pedali ikivunjika mahali pasipo na spea, mwili wa plastiki ukianza kunesa unapokaa, au kikiwa cha zamani mno hata spea zake hazipatikani. Na wapo wanaotaka tu kutoka kwenye plastiki kwenda kwenye kauri. Sina ubishi nao: kauri husafishika vizuri zaidi na haishiki harufu.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Chukua futi, ingia chooni, na uandike vipimo vinne.

Cha kwanza ni kutoka ukuta wa nyuma hadi katikati ya flenji iliyo chini ya choo, mara nyingi usawa wa nati zinazokishika sakafuni. Vyoo vingi vya motahomu vimetengenezwa kwa takribani inchi 11, wakati vile vya nyumbani vya Marekani huhitaji inchi 12. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutonunua cha nyumbani. Nyingine ni maji: choo cha nyumbani kinatumia maji mengi kwa kila kuflashi, na tangi lako halina nafasi ya mchezo huo. Matangi mengi yako kati ya galoni 20 na 40, na galoni moja ya Marekani haifiki hata lita 4.

Cha pili ni kimo. Vipo vyoo vya kimo cha kawaida na vipo vifupi. Vile vifupi vimewekwa kwa sababu: mara nyingi sakafu ya hapo imeinuliwa, tangi au tairi viko chini yake. Ukiweka kirefu juu ya jukwaa, miguu itabaki inaning'inia. Dometic 300 na 301, kwa mfano, zinafanana sana isipokuwa kimo, na Thetford Aqua-Magic V nayo huuzwa ya juu na ya chini. Soma boksi vizuri.

Cha tatu ni upana, pamoja na nafasi ya mguu kuifikia pedali. Cha nne ni nafasi ya mlango. Bakuli lililorefuka kuelekea mbele kama la Dometic 320 ni raha kulikalia, lakini bafu nyingi za motahomu ni finyu, na nimeona mlango uliogoma kufunga kwa sababu ya inchi mbili tu.

Angalia pia maji yanaingilia upande gani. Bomba lako likitokea kushoto na valvu ya choo kipya ikiwa kulia, utahitaji mpira wa maji mrefu kidogo. Ni jambo dogo, ila si la kuligundua wakati duka limefungwa.

VITU VYA KUWA NAVYO

Kusanya kabla hujafungua nati ya kwanza:

- Choo kipya na kitabu chake cha maelekezo. Fungua boksi siku moja kabla, hakikisha bakuli halina ufa na mpira wa flenji umo.
- Bolti mbili mpya za sakafu na nati zake, za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Usizirudie za zamani.
- Spana malaya, na soketi ndefu yenye mkono wa kuongezea. Nati nyingi za hapo huchukua nusu inchi.
- Bisibisi bapa na ya nyota.
- Msumeno mdogo wa chuma, endapo bolti zimeshika kutu.
- Kisu cha plastiki cha kukwangulia, si cha chuma.
- Glavu nene za mpira, miwani ya kukinga macho, na nguo usizozionea huruma.
- Ndoo, sponji, matambara ya kutosha, karatasi za jikoni, na mifuko mikubwa ya takataka miwili au mitatu.
- Tochi ya kuvaa kichwani. Mikono yote miwili itakuwa na kazi.
- Tepu nyeupe ya fundi bomba na mpira mfupi wa maji wa kubadilishia.
- Msaidizi, kama choo ni cha kauri. Si kizito cha kutisha, lakini utakuwa umeinama penye nafasi ya mtu mmoja huku ukilenga bolti mbili usizoziona.

Ile nta ya duara wanayotumia mafundi wa nyumbani chini ya choo haimo kwenye orodha, na sikuisahau. Gari linatikisika barabarani na kupata joto likiegeshwa juani. Nta inalainika, inasogea, na baada ya safari chache inavuja. Tumia mpira uliokuja na choo chako.

KAZI YENYEWE

1. Mwaga tangi la choo siku hiyo hiyo au jana yake. Nenda kituo cha kumwagia, kwenye kambi yenye huduma hiyo au kwenye vituo vya mafuta vya barabara kuu vilivyo nayo. Funga mpira wa maji taka vizuri, fungua valvu ya tangi la choo kwanza, kisha ndiyo ufungue ile ya maji ya sinki ili yasuuze mpira. Tia ndoo kadhaa za maji safi kupitia choo cha zamani, mwaga tena, rudia mpaka yatoke mepesi. Kisha funga valvu. Kumwaga ardhini au kwenye mtaro wa mvua ni kosa la sheria, na ni kuwatendea ubaya watakaopiga kambi baada yako.

Hapa kuna hatari ya kweli, isome mara mbili: usimimine jiki kwenye tangi ukidhani unaua vijidudu kabla ya kazi. Jiki ikikutana na mkojo inatoa gesi yenye sumu, nawe utakuwa umeinama juu ya tundu hilohilo.

2. Fungua madirisha na tundu la paa. Zima majiko na chochote chenye moto, na asiwepo anayevuta sigara. Tangi hata likimwagwa hubaki na hewa inayoweza kuwaka. Feni ya bafuni, kinyume na watu wanavyodhani, izime pia: inaivuta hewa ya tangini ije juu kwako. Dirisha linatosha.

3. Kata maji. Zima pampu, funga bomba la nje kama umeunganisha na maji ya kambi. Fungua mfereji wa sinki mpaka uishe kutiririka, halafu kanyaga pedali ya choo ili mgandamizo uliobaki kwenye bomba utoke. Anayeruka hatua hii huoga bila kukusudia.

4. Kausha bakuli. Kanyaga pedali maji yashuke, kisha futa mabaki kwa sponji.

5. Piga picha. Nyuma, pembeni, mahali bomba linapoingia, jinsi kilivyokaa. Utazirejea.

6. Tenganisha maji. Nyuma ya choo kuna nati ya plastiki inayoshika bomba, ambalo katika magari ya miaka ya karibuni huwa ni la PEX, aina ya plastiki inayopindika. Mara nyingi inafunguka kwa mkono. Ikigoma, tumia spana huku mkono mwingine umeishika valvu isizunguke. Weka tambara chini, kuna maji kidogo yatakayodondoka.

7. Fungua nati za sakafuni. Ziko mbili, wakati mwingine nne. Mahali pake hutofautiana: vingine ziko kushoto na kulia chini ya vifuniko vidogo vya plastiki, vingine mbele na nyuma, na moja huwa imejificha karibu na pedali kiasi kwamba lazima uikanyage ndipo soketi ipite. Bolti ikizunguka pamoja na nati, usihangaike nayo, ikate kwa msumeno. Ndiyo maana ulinunua mpya.

8. Kata silikoni inayozunguka kitako kwa kisu, kama ipo. Tikisa choo taratibu kushoto na kulia mpaka kiachie, kisha kiinue wima. Kiweke moja kwa moja ndani ya mfuko wa takataka ulioutandaza pembeni na uufunge. Usikibebe kikidondoka matone nyumba nzima.

9. Ziba tundu mara moja. Kunja tambara kubwa ndani ya mfuko wa plastiki, lishindilie, na ulifunge kamba ambayo ncha yake inabaki nje. Kamba hiyo ni ya muhimu. Tambara likizama tangini litaziba valvu ya kumwagia, na hapo kazi ya asubuhi moja inageuka ya wiki. Vilevile, nati au soketi ikidumbukia hutaipata kirahisi.

10. Sasa chukua muda wako kwenye flenji. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wengi wanapokimbilia mbele. Flenji ni ile pete ya plastiki iliyofungwa sakafuni kwa skrubu, yenye nafasi mbili zilizopinda zinazoshika vichwa vya bolti. Vaa tochi, piga magoti. Kwangua mabaki yote ya mpira wa zamani kwa kile kisu cha plastiki. Chuma kitaacha mikwaruzo, na maji hupita kwenye mikwaruzo. Pitisha kidole, ukiwa na glavu, kuzunguka pete nzima. Unatafuta nyufa, hasa pale kwenye nafasi za bolti, maana ndipo plastiki inapovutwa. Kaza skrubu zote. Skrubu inayozunguka bila kushika inakuambia kwamba mbao ya chini imeoza.

Bonyeza sakafu kote kwa kidole gumba. Plaiwudi nzima haibonyei. Ikibonyea, au ikiwa nyeusi na kuchanika nyuzinyuzi, simama. Kata sehemu iliyooza na uweke mbao mpya kwanza. Choo kipya juu ya sakafu mbovu kitacheza, kikicheza kitavuja, na kikivuja kitaozesha zaidi.

Flenji yenye ufa mdogo kwenye nafasi ya bolti inaweza kuokolewa kwa pete ya chuma ya kutengenezea inayofungwa juu yake. Yenye ufa mkubwa ibadilishe. Nyingi zimefungwa kwa uzi kwenye bomba la inchi 3 na zinazungushwa kutoka. Nyingine zimegandishwa kwa gundi, na hapo lazima ujue bomba lako ni la plastiki ya ABS au ya PVC ili upate gundi yake.

Tazama pia kimo cha flenji. Inatakiwa iinuke kidogo juu ya sakafu iliyomalizika, kiasi kinachotajwa kwenye kitabu cha choo chako. Wenye magari waliotandika vigae au mbao mpya juu ya sakafu ya zamani hukuta flenji imezama, na mpira hauifikii. Nunua pete ya kuongezea kimo. Usiweke mipira miwili mmoja juu ya mwingine.

11. Simamisha bolti mpya kwenye nafasi zake, zielekeane sawasawa. Zishike kwa washa (pete ndogo bapa) za plastiki zisilale wakati unashusha choo.

12. Weka mpira wa flenji kama kitabu kinavyoonyesha. Baadhi unavalishwa chini ya choo, baadhi unakaa juu ya flenji, na una upande wa juu na wa chini. Usipake grisi, usipake silikoni. Mpira hufanya kazi ukiwa mkavu na safi.

13. Toa tambara kwa kamba yake. Hesabu zana zako. Kisha inueni choo wima, mmoja akiangalia bolti, na mkishushe bila kukiinamisha. Kikishagusa mpira, kandamiza kwa uzito wa mwili ukiwa umeweka mikono pande zote mbili za bakuli, mpaka kitako kifike sakafuni. Kama kimekaa kombo, kiinue, kague mpira haujakunjika, anza tena. Usikiburute.

14. Kaza nati. Mkono kwanza, pande zote mbili. Kisha spana: robo mzunguko kushoto, robo mzunguko kulia, ukibadilishana, mpaka choo kisicheze ukikitikisa. Hapo acha. Kauri hupasuka bila kutoa onyo, na ufa wa kitakoni hautengenezeki. Choo kikiendelea kucheza hata baada ya nati kubana, tatizo ni sakafu au kimo cha flenji, na nguvu ya mkono haitalitatua.

15. Unganisha maji. Kama ncha ya bomba ina mpira wake wa ndani wenye umbo la pia, haihitaji tepu; ukizungusha tepu pale unaizuia isikae. Ikiwa ni uzi kwa uzi bila mpira, zungusha tepu mara mbili tatu kuelekea unakokazia. Kaza kwa mkono, ongeza kidogo kwa spana. Hii ni plastiki juu ya plastiki, na uvujaji mwingi wa siku ya kwanza unaletwa na mtu aliyekaza mno akaipasua valvu.

16. Jaribu. Futa kila mahali pakauke, zungushia karatasi za jikoni kuzunguka kitako na chini ya kiungio cha maji. Washa pampu. Sikiliza: inatakiwa ingurume kidogo, inyamaze, na ibaki kimya. Ikiwa inawaka yenyewe kila baada ya muda, kuna mahali panavuja hata kama hupaoni. Kisha jaza bakuli na uondoke kwa saa nzima. Kwenye vyoo vingi vya Dometic ukibonyeza pedali nusu unaingiza maji, ukiikanyaga yote unafungua kilango. Vingine vina pedali mbili. Ukirudi, maji yawe palepale. Flashi mara kadhaa, tena na tena, kisha kagua karatasi. Karatasi hazifichi kitu, hata tone moja utaliona.

Ukiunganisha na maji ya kambi, tumia kipunguza mgandamizo. Magari mengi yanafaa PSI (kipimo cha mgandamizo) 40 hadi 50. Kambi nyingine zina maji makali mno, na kiungio cha choo ni mojawapo ya vitu vinavyoachia kwanza.

17. Ukiridhika, unaweza kupaka silikoni kuzunguka kitako, lakini acha nafasi wazi nyuma. Siku mpira ukichoka, maji yatatokea hapo uyaone, badala ya kujificha chini na kula sakafu kimyakimya.

18. Kabla ya mtu yeyote kutumia choo, mimina galoni kadhaa za maji tangini pamoja na dawa ya tangi. Baada ya safari ya kwanza, rudi na spana ukague zile nati tena. Mpira hukaa vizuri ukishatikiswa, na nati hulegea kidogo.

Choo cha zamani kioshe, kifunge, na ukipeleke jalala la mji. Pipa la kambi si mahali pake mpaka uwe umeruhusiwa.

KWA SISI TUNAOTUMIA MAJI

Wengi wetu tumelelewa kustanji kwa maji, na karatasi pekee haitutoshi. Kopo linafanya kazi, lakini gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko si raha. Kuna njia mbili za kupata shatafu. Ya kwanza ni kununua choo kilichotengenezwa na mpira wa mkono tangu kiwandani. Ni rahisi, na mara nyingi tofauti ya bei si kubwa. Ya pili ni kuweka kiungio cha njia tatu kwenye bomba la maji kabla halijafika kwenye valvu ya choo, na shatafu ikatokea hapo.

Ukichagua ya pili, weka koki ndogo ya kufungia kwenye tawi la shatafu na uifunge kila baada ya matumizi. Mpira wa shatafu ulioachwa na mgandamizo siku nzima, gari likiwa juani Arizona au Texas, hatimaye hupasuka, na pampu itamwaga tangi lako lote la maji safi sakafuni wewe ukiwa dukani. Wala usiunganishe shatafu baada ya kile kikombe kidogo cha plastiki kilicho nyuma ya choo, juu ya valvu. Kazi yake ni kuzuia maji ya bakuli yasirudi kwenye bomba la maji safi. Ukikiongezea mzigo ambao hakikutengenezewa, kitaanza kuvuja.

Msiogope sana kuhusu tangi kujaa. Maji ya ziada yana faida. Tangi la choo linachafuka vibaya kwa wanaobania maji au wanaoacha valvu ya kumwagia wazi wakiwa kambini: kimiminika kinakwenda, kinyesi kinabaki na kujijenga kama kichuguu chini ya tundu. Valvu iwe imefungwa siku zote mpaka tangi likaribie kujaa.

MATATIZO NA TIBA ZAKE

Maji yanashuka kutoka bakulini hata kwenye choo kipya. Zima maji, fungua kilango, na upitishe tambara chini ya ukingo wa mpira. Mara nyingi ni uzi wa karatasi au punje ya mchanga. Mpira ukiwa mkavu, paka dawa ya silikoni ya kulainishia, si ile ya kuzibia. Usipake Vaselini wala mafuta ya gari, yanaharibu mpira.

Maji yanaingia bakulini bila kukoma. Kuna uchafu ndani ya valvu ya maji, pengine chembe za plastiki kama ulikata bomba. Kata maji, fungua valvu, suuza.

Karatasi ya nyuma imelowa, ya kitakoni kavu. Ni kiungio cha maji. Kifungue, tazama mpira wa ndani, kifunge upya bila nguvu.

Karatasi ya kitakoni imelowa baada ya kuflashi tu. Mpira wa flenji umekunjika au flenji iko chini mno. Choo kitatoka tena, hakuna njia ya mkato. Silikoni ya kuzunguka nje haizibi tatizo hili, inalificha.

Maji ya kuflashi hayana nguvu. Angalia kama bomba nyuma ya choo limekunjika ulipokisukuma ukutani, kisha kichujio cha pampu, kisha kipunguza mgandamizo.

Harufu. Kwanza, bakuli liwe na maji kila wakati. Katika choo hiki hayo maji, juu ya kilango, ndiyo yanayozuia hewa ya tangi isipenye ije kwako. Pili, usiflashi feni ya paa ikiwa inazunguka. Tatu, panda juu ukague bomba la hewa la tangi: kiota cha ndege au majani yakiliziba, hewa yote inatafuta njia kupitia chooni. Dalili yake nyingine ni mapovu yanayopanda ukifungua kilango, ingawa mapovu hayohayo yanaweza kuwa tangi limejaa, kwa hiyo anza kwa kumwaga.

Valvu imepasuka tena baada ya baridi. Kabla ya kulilaza gari, toa maji yote kwenye mfumo, kisha pitisha ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda iliyotengenezwa kwa ajili ya motahomu, ukikanyaga pedali mpaka uione inaingia bakulini. Ya injini ya gari ni sumu, usiitumie. Kama una shatafu, ibonyeze nayo mpaka itoe waridi. Wengi huisahau, na ndiyo inayopasuka.